Maneno ya Mwomba Kura: Deni na Bomu katika Uchaguzi wa Marekani wa 2008



Mwenye kuja kuposa huja na maneno mazuri. Hapana mposaji aliyeketi barazani kwa watu akasema kwamba yeye ni mvivu wa kutafuta riziki, au kwamba fedha hazikai mkononi mwake. Ndiyo sababu wazee wetu hawakumpima mtu kwa anayoyasema siku ya posa. Waliuliza: Alipokopa, alilipa? Alipofikwa na jambo zito, alisimama wapi? Na yale aliyoyaahidi mwaka juzi, yako wapi leo?

Mwenye kuomba kura naye ni mposaji. Tofauti ni kuwa yeye anaposa taifa zima. Na akikubaliwa, hata majirani wa mbali huingia katika ndoa ile bila ya kuulizwa. Kwa hivyo katika makala haya nataka tuutazame uchaguzi mmoja wa dola kubwa, nao ni uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 2008. Wagombea wake walitakiwa waseme juu ya mambo mawili ya kutisha kwa wakati mmoja: fedha zilizokuwa zikiyeyuka, na silaha za nyuklia. Mizani yetu itakuwa ile ile ya wazee, nayo ina vipimo vitatu: kwanza, mtu alisema nini kabla jambo halijamfika, pili, aliinua mkono kwa lipi lilipomfika, tatu, nini kilichobaki baada yake.

Nimeuchagua uchaguzi huo kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tuliufuata kwa hamu kubwa, lakini wengi wetu tuliufuata kwa nasaba. Mmoja wa wagombea, Barack Obama, baba yake alikuwa Mkenya. Aliposhinda, Rais Mwai Kibaki aliitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima. Kumfurahia mtu kwa nasaba si dhambi. Lakini waulize wengi walioshangilia siku ile: watakutajia jina la kijiji cha baba yake, wasiweze kukwambia alisema nini juu ya deni, wala alipiga kura gani juu ya nyuklia. Upungufu huo ndio tunaotaka kuuziba leo.

DENI LISILO NA MWENYEWE

Ili ufahamu waliyoyasema wagombea, sharti kwanza uujue msiba wenyewe ulivyoanza.

Watu wengi wa Marekani hawanunui nyumba kwa fedha taslimu. Mtu huenda benki akakopeshwa, nyumba ikawa rehani, naye akalipa kidogo kidogo pamoja na riba, hata kwa muda wa miaka 30. Zamani benki ilimchungua sana mkopaji, kwani deni lilikuwa lake mpaka mwisho. Mkopaji akishindwa, benki ndiyo iliyoumia. Baadaye ikazoeleka biashara nyengine. Benki ilikopesha leo, na kesho ikaliuza lile deni kwa wengine. Madeni ya nyumba maelfu yalichanganywa pamoja, yakakatwa vipande, na vile vipande vikauzwa kwa wenye fedha wa dunia nzima kama kwamba ni hati salama kabisa.

Tazama lililozuka hapo. Mkopeshaji hakuwa na haja tena ya kumchungua mkopaji, kwa sababu faida aliipata siku ya kuuza, na khasara ingemwangukia mtu asiyemjua. Wakakopeshwa hata wasiokuwa na kipato cha kulipa. Waliwekewa riba ndogo kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha riba ikapanda ghafla. Mkopaji, benki na wanunuzi wa hati, wote walitegemea jambo moja tu: kwamba bei za nyumba zitapanda daima. Mwaka 2006 bei zilifika kileleni, kisha zikaanza kushuka.

Wanafunzi wa fiqhi wanaujua mlango wa kuuza deni, na masharti mazito waliyoyaweka mafakihi juu yake. Wako vijana wanaodhani kuwa hayo ni mambo ya vitabu vya kale visivyojua biashara za leo. Mwaka 2008 ulionyesha kwamba wale waliouliza "khasara ikitokea itamwangukia nani?" hawakuuliza swali la upuuzi.

Majumba ya fedha yakaanza kuanguka moja baada ya jengine. Mwezi wa Machi 2008 benki ya Bear Stearns iliuzwa kwa dharura. Tarehe 7 Septemba serikali iliyachukua chini ya usimamizi wake mashirika mawili makubwa ya rehani za nyumba, Fannie Mae na Freddie Mac. Tarehe 15 Septemba ikafilisika Lehman Brothers, nyumba ya fedha iliyoasisiwa mwaka 1850, ambayo ilivipita vita vikuu viwili vya dunia ikiwa hai. Ilianguka na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600. Kesho yake shirika la bima la AIG, lililokuwa limewadhamini watu juu ya hati zile zile mbovu, lilikopeshwa na benki kuu ya Marekani dola bilioni 85 ili lisife. Na tarehe 25 Septemba ikaanguka Washington Mutual, na mpaka hivi leo hapana benki kubwa kuliko hiyo iliyopata kuanguka katika tarikh ya Marekani. Siku za kupiga kura zilikuwa zimebaki 40.

WALIYOSEMA KABLA YA KUFIKWA

Sasa tuwatazame watu wawili wenyewe. John McCain, seneta wa Arizona na mgombea wa chama cha Republican, alikuwa na umri wa miaka 72. Alikuwa rubani wa jeshi la majini, akatekwa Vietnam na kukaa kifungoni zaidi ya miaka mitano. Barack Obama, seneta wa Illinois na mgombea wa chama cha Democratic, alikuwa na miaka 47, na kabla ya siasa alifundisha sheria chuoni.

Juu ya fedha, walisema mapema, tena kwa kupishana siku mbili tu. Tarehe 25 Machi 2008, mjini Santa Ana katika jimbo la California, McCain alisema kwamba si wajibu wa serikali kuwaokoa na kuwazawadia waliofanya mambo bila ya busara, wawe mabenki makubwa au wakopaji wadogo. Aliacha mlango mmoja wazi: pale ambapo kuanguka kwa mmoja kungeuangusha mfumo wote. Tarehe 27 Machi, mjini New York, Obama alisema kwamba kosa ni kuwa walinzi waliondolewa mlangoni, na kwamba yeyote anayekimbilia hazina ya serikali wakati wa shida ni lazima akubali kusimamiwa na serikali wakati wa raha.

Usikubali, ndugu msomaji, mtu akikwambia kwamba mmoja aliona na mwengine alikuwa kipofu. Mwaka 2006 McCain aliunga mkono mswada wa kuzidisha usimamizi juu ya Fannie Mae na Freddie Mac, nao haukupita. Machi 2007 Obama aliwaandikia barua wakuu wa hazina na benki kuu akiwaonya juu ya watu waliokuwa wakipokonywa nyumba zao. McCain aliyaona maradhi katika mashirika yenye mkono wa serikali. Obama aliyaona katika masoko yasiyo na msimamizi. Maradhi yalikuwa pande zote mbili.

Juu ya nyuklia walitofautiana zaidi, na jina lililokuwa midomoni ni Iran. Julai 2007 Obama aliulizwa hadharani kama katika mwaka wake wa kwanza angekuwa tayari kukutana, bila ya masharti ya kutanguliza, na viongozi wa Iran, Syria, Venezuela, Cuba na Korea ya Kaskazini. Akajibu kuwa angekuwa tayari. Hata mwenzake wa chama kimoja, Hillary Clinton, alimlaumu kwa jibu hilo. McCain naye, Aprili 2007 katika mkutano wa South Carolina, aliulizwa juu ya Iran akafanya mzaha wa wimbo juu ya kuipiga mabomu. Watu wakacheka. Alipolaumiwa hakuona haja ya kuomba radhi. Lakini mauti ya watu si jambo la kulitilia mzaha, hasa kwa mtu anayeomba apewe ufunguo wa silaha zenyewe.

Hata hivyo uadilifu unatulazimisha tuseme na la pili. Mtu huyu huyu, tarehe 27 Mei 2008 mjini Denver, alitoa hotuba nzito akitaka Marekani ipunguze silaha zake za nyuklia na ifanye makubaliano mapya na Urusi. Na Obama, tarehe 24 Julai mjini Berlin mbele ya umati mkubwa wa watu, alizungumza juu ya dunia isiyokuwa na silaha hizo kabisa. Ukiwasikia siku mbili hizo, ungedhani ni watu wa chama kimoja.

USIKU WA OXFORD

Tarehe 24 Septemba McCain alitangaza kuwa anasimamisha kampeni yake arudi Washington kushughulikia msiba wa fedha, akataka na mjadala wao wa kwanza uahirishwe. Obama alijibu kwamba Rais hana budi aweze kushughulika na zaidi ya jambo moja kwa wakati mmoja. Kesho yake wote wawili waliketi Ikulu pamoja na Rais George W. Bush, na mkutano ukamalizika kwa ugomvi. Mwishowe McCain alikwenda, na mjadala ukafanyika tarehe 26 Septemba katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mji wa Oxford. Walioutazama kwa televisheni walikuwa kiasi cha watu milioni 52.

Mada iliyopangwa ilikuwa siasa ya mambo ya nje. Lakini mwenye kuuongoza mjadala, Jim Lehrer, alianza na fedha, na hakuwa na njia nyengine. Ndipo akauliza swali ambalo kwangu mimi ndilo swali bora la uchaguzi ule. Serikali ilikuwa ikitaka dola bilioni 700 kuyaokoa mabenki. Basi aliwauliza: kwa gharama hiyo, ni lipi katika mliyoyaahidi mtaliacha?

Swali lilikuwa fupi. Wakazunguka. Obama alitaja mambo ambayo hangeyaacha: nishati, matibabu, elimu. McCain alizungumza juu ya ubadhirifu wa serikali. Lehrer akauliza tena, na tena. Hatimaye McCain akasema labda matumizi yote ya serikali yasimamishwe pale yalipo, isipokuwa ya ulinzi, ya askari wastaafu na baadhi ya mambo ya lazima. Obama akamjibu kuwa huko ni kutumia shoka mahali panapotaka kisu kidogo. Akakubali tu kuwa baadhi ya mambo huenda yakachelewa. Hapana aliyeitazama kamera akawaambia watu: "Hili nililowaahidi, sitaliweza tena."

Kwa nini? Kwa sababu mgombea anayetaja atakachokiacha hupoteza kura za wenye kukitaka. Hilo ni kosa la mgombea, lakini ni kosa letu pia sisi tunaopiga kura, kwani tumewafundisha wagombea kwamba msema kweli huadhibiwa.

Walipofika kwenye Iran, wote wawili walisema kwamba hawataiachia ipate bomu. Tofauti ilikuwa katika njia. McCain alitaka nchi zenye serikali za kuchaguliwa ziungane kuibana Iran kwa vikwazo, na akasema kwamba Rais kuketi na viongozi wake ni kuwapa heshima wasiyostahiki. Obama alisema kwamba vikwazo bila ya Urusi na China havifui dafu, na kwamba kukataa kusema na adui hakukuwa kumezuia lolote. Aliongeza neno moja: bila ya masharti hakuna maana ya bila ya matayarisho. Neno hilo hakulisema Julai 2007.

Kisha ikatokea jambo litakalowapendeza wasomaji wetu waliokaa mbele ya walimu. Obama alimtolea ushahidi Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje na mshauri wa McCain mwenyewe, kwamba naye aliona inafaa kusema na Iran bila ya masharti. McCain akakanusha vikali. Baada ya mjadala Kissinger alitoa taarifa kuwa asingependekeza mazungumzo ya daraja ya Rais. Lakini siku chache kabla alikuwa kweli amesema kwamba anakubali mazungumzo bila ya masharti, kwa wakubwa walio chini ya Rais. Kwa hivyo Obama alichukua kauli akaiacha daraja yake, na McCain akaishika daraja akaifunika kauli. Mwanafunzi akimnukuu mwanachuoni namna hiyo, mwalimu humrudisha nyuma asome tena.

KURA MBILI ZA SIKU MOJA

Tunafika kwenye kipimo cha pili, nacho ndicho kizito. Maneno ni upepo mpaka mkono uinuliwe.

Mpango wa kwanza aliouleta waziri wa fedha, Henry Paulson, ulikuwa wa kurasa tatu tu. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi liliukataa mswada kwa kura 228 dhidi ya 205. Siku ile kipimo cha soko la hisa la New York kilishuka kwa alama 777, na khofu ikaenea duniani. Mswada ukarejeshwa katika Seneti, ukiwa sasa na kurasa zaidi ya 400. Ndani yake yaliongezwa mambo ya kuwalainisha wajumbe, mpaka nafuu ya kodi kwa watengenezaji wa mishale ya mbao ya watoto. Ulipigiwa kura usiku wa tarehe 1 Oktoba 2008, ukapita kwa kura 74 dhidi ya 25. McCain alisema ndiyo. Obama alisema ndiyo. Tarehe 3 Oktoba Baraza la Wawakilishi nalo likakubali kwa kura 263 dhidi ya 171, na Bush akatia saini siku ile ile.

Lakini tarehe hiyo ya 1 Oktoba Seneti ilipiga na kura nyengine ambayo watu wachache waliitia maanani. Ilikuwa kura ya kuridhia makubaliano ya nyuklia baina ya Marekani na India, yaliyoiruhusu India kununua mitambo na kuni za nyuklia kwa matumizi ya amani. India haikupata kutia saini mkataba wa kuzuia kuenea silaha za nyuklia, na ilikuwa imekwisha kujaribu mabomu mwaka 1974 na 1998. Makubaliano yalipita kwa kura 86 dhidi ya 13. McCain alisema ndiyo. Obama alisema ndiyo.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Watu wawili waliogombana mbele ya dunia tarehe 26 Septemba, juu ya fedha na juu ya nyuklia, siku tano baadaye walipiga kura moja katika mambo yote mawili. Aliyesema Machi kwamba serikali isiwazawadie wazembe aliingia kwa ule mlango mmoja aliouacha wazi. Aliyesema kwamba asiyesimamiwa asipewe fedha alitoa fedha kwanza na usimamizi ukafuata baadaye. Na wote wawili, waliokuwa wakali kwa Iran, ambayo ilikuwa imetia saini ule mkataba, walikuwa wapole kwa India ambayo haikuutia saini.

Si haki kuyaacha hayo bila ya kutaja hoja zao. Juu ya mabenki, walikhofu kwamba kukataa kungewaangusha na wasiokuwa na hatia: mwenye duka anayekopa kulipa mishahara, na mzee aliyeweka akiba yake. Juu ya India, walisema kwamba haikuuza siri za nyuklia kwa wengine, na kwamba ilikubali kuifungua sehemu kubwa ya mitambo yake kwa wakaguzi. Juu ya Iran, walisema kwamba iliuficha mtambo wa Natanz mpaka ukafichuliwa mwaka 2002, na Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kuiwekea vikwazo tangu 2006. Hoja hizo zina uzito. Lakini kama ni hoja njema, mbona hazikuelezwa kwa wapiga kura usiku wa mjadala? Sharti moja kwa rafiki na jengine kwa mpinzani ni jambo linalotaka kutolewa sababu hadharani.

BAADA YA KUKAA KITINI

Tarehe 4 Novemba 2008 Obama alishinda kwa kura 365 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 173. McCain alikubali kushindwa usiku ule ule, na wafuasi wake walipozomea aliwanyamazisha. Sisi tulioziona nyumba zikichomwa Kenya mwanzoni mwa mwaka huo huo, na zaidi ya watu 1,000 kuuawa kwa sababu ya matokeo ya kura, hatuna budi tuitaje sifa hiyo ya McCain bila ya kuipunguza.

Sasa kipimo cha tatu: nini kilichobaki? Katika fedha, mabenki yaliokoka, na sehemu kubwa ya zile fedha zililipwa. Lakini watu wa kawaida waliopoteza kazi zao walihesabiwa kwa mamilioni, na Oktoba 2009 ukosefu wa kazi ulifika asilimia 10. Machi 2009 ikajulikana kuwa AIG, iliyookolewa kwa mali ya umma, ilikuwa ikiwalipa baadhi ya watu wake bakhshishi za dola milioni 165. Na pale ilipoletwa rai kwamba mahakimu waruhusiwe kuwapunguzia deni la nyumba waliofilisika, rai ambayo Obama aliiahidi, Seneti iliikataa tarehe 30 Aprili 2009 kwa kura 51 dhidi ya 45. Mwenye deni kubwa alipata mlango siku 18 baada ya Lehman kuanguka. Mwenye deni dogo alifungiwa.

Ahadi ya usimamizi ilitimizwa kwa sheria ya tarehe 21 Julai 2010. Mwezi wa Mei 2018 sheria hiyo ililegezwa kwa mabenki ya kiasi. Machi 2023 ikaanguka Silicon Valley Bank, nayo ilikuwa miongoni mwa yaliyolegezewa.

Katika nyuklia, Obama hakukutana na Rais yeyote wa Iran, si katika mwaka wa kwanza wala wa nane. Lililofanyika ni mazungumzo ya simu na Rais Hassan Rouhani tarehe 27 Septemba 2013. Hata hivyo njia aliyoielekea aliifuata: tarehe 14 Julai 2015, mjini Vienna, yalipatikana makubaliano ambayo Iran ilikubali isirutubishe madini ya urani kupita asilimia 3.67, wala isiweke akiba yake zaidi ya kilo 300, kwa muda wa miaka 15. Na pamoja na Urusi alitia saini Aprili 2010 mkataba wa kupunguza vichwa vya nyuklia vilivyo tayari kurushwa visizidi 1,550 kwa kila upande. Desemba ya mwaka huo Seneti iliuridhia kwa kura 71 dhidi ya 26. McCain, aliyeutaka mkataba kama huo katika hotuba ya Denver, alipiga kura ya kuukataa. Na Obama, aliyeitaka dunia isiyo na silaha hizo, ili aupate mkataba aliahidi dola bilioni 85 kwa muda wa miaka 10 za kuzitunza na kuzifanya upya silaha zilizobaki.

Pima mwisho wa hati mbili hizo. Mkataba wa Urusi ulipita katika Seneti ukawa sheria. Uliwekewa miaka 10, na mwaka 2021 ukaongezwa mitano mengine mpaka Februari 2026. Makubaliano ya Iran hayakupelekwa kuwa mkataba wa namna hiyo, kwani kura za kutosha hazikuwepo. Tarehe 8 Mei 2018 Rais mwengine, Donald Trump, aliitoa Marekani kwa saini yake peke yake, kabla hata ya miaka mitatu kutimia. Iran nayo ikaanza kuivuka mipaka ile, na Juni 2025 ndege za Marekani zikaipiga mitambo ya Fordow, Natanz na Isfahan. Ahadi iliyobebwa na mtu mmoja huondoka na yule mtu.

JAWABU KWA MWENYE KUULIZA

Utasema: Basi wote ni sawa, na kura haina maana? Jawabu: La, hawakuwa sawa. McCain aliyapinga makubaliano ya 2015, na ni vigumu kudhani kwamba yeye angeyafanya. Waliochagua baina yao walichagua baina ya njia mbili za kweli. Ninalokwambia ni kwamba maneno ya mgombea huonyesha upande anaoelekea. Hayaonyeshi atafika wapi, wala nani atalipa nauli.

Na utasema: Hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu mara mbili. Kwanza, jamaa zetu wengi wako huko, na benki ikianguka New York hawala inayoletwa Mombasa au Unguja hupungua. Pili, na hili ndilo kubwa, sisi nasi tuna wagombea wanaobisha hodi milangoni kwetu.

Wakija, wakaribishe kwa adabu, kwani mgeni hafukuzwi. Kisha uwaulize maswali matatu. La kwanza ni lile la Oxford: kwa ahadi hii mpya, ni ipi ya zamani utakayoiacha, na gharama yake itamwangukia nani? La pili: jambo kama hili lilipokufika ulipokuwa na sauti, uliinua mkono kwa lipi? La tatu: utakapoondoka, ni sheria gani itakayoibakisha kazi yako? Asiyeweza kujibu hata moja usimtukane; lakini usimpe dhamana kwa sababu ya uzuri wa sauti yake, wala kwa sababu babu yake na babu yako walizikwa makaburi mamoja.

Dhamana haiulizi nasaba ya aliyeibeba. Huuliza kama aliirejesha.

Wabillahi taufiq.